Kioo cha gari na pumzi zetu: mafunzo ya wakati wa mvua

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa mashofeli wetu katika mkutano wa wanachama, Baraka, mvua zikiwa zinaanza. Tunayachapa kama alivyoyasema, tumefupisha kidogo tu.



Komiti iliniomba niseme juu ya gari la chama wakati huu wa mvua. Wengine mlifikiri nitasema juu ya motere, mafreni na matairi. Hayo yana siku yake. Leo nitasema juu ya kioo cha mbele tu, kile tunaita parebrizi. Sababu ni kwamba motere ni kazi ya shofeli na fundi, lakini kioo ni kazi ya kila mtu anayepanda. Nitawaonyesha namna gani.

Mvua zetu zinaanza mwezi wa 9 au wa 10, zinaendelea mpaka mwezi wa 5. Ni miezi mingi kuliko ya jua. Na safari za gari letu mnazijua: kupeleka mgonjwa, kupeleka mama wa kuzaa, kuleta dawa na watu toka Uvira. Hizo hazingoji mvua ikatike. Barabara inafuata ziwa, inapita Makobola, inapita Mboko, na fasi nyingi nyumba ziko karibu kabisa na njia. Kuna watoto, mbuzi, pikipiki, mama na kifurushi kichwani ambaye mvua inampiga machoni na hasikii gari.

Sasa tufanye hesabu. Gari likienda kilometa 40 kwa saa, na hiyo si mbio, kila sekunde linakata mita 11. Kioo kikijaa ukungu, shofeli anatoa mkono kwenye usukani, anapangusa. Sema sekunde 3. Gari limekwenda mita 33 na mtu mmoja tu mwenye kazi ya kuangalia njia alikuwa anaangalia mkono wake. Katika mita 33 mtoto anatosha kutoka dukani na kuvuka.

Ukungu ule unatoka wapi? Watu wengi wanasema ni mvua inaingia. Apana. Mvua iko nje, ukungu uko ndani. Chukua kikombe, tia maji ya baridi sana, kiweke mezani. Baada ya muda kidogo kikombe kinatoka jasho kwa nje. Kikombe hakikutoboka. Maji yale yalikuwa ndani ya hewa, hayaonekani, na hewa ilipogusa kitu cha baridi ikashindwa kuyabeba, ikayaacha pale. Kioo cha gari ni sawa vile. Mvua inakipiga nje, kinapoa. Ndani tuko sisi. Pumzi yetu ni ya moto na imebeba maji. Nguo zilizolowa zinatoa maji. Mwavuli, viatu vya matope, mfuko wa ndagala, mihogo iliyotoka kulowekwa, vyote vinatoa maji katika hewa. Watu 9 ndani ya gari lililofungwa, kioo kitakosa kulia?

Njo maana nasema kioo ni kazi ya kila mtu. Ule ukungu ni pumzi yetu wenyewe.

Na hapa nifike kwenye kitu tunagombania kila safari. Usiku mmoja wa mvua kubwa tulitoka Mboko na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ndani tulikuwa wengi, kama kawaida: mgonjwa, mama yake, wakwe, jirani aliyesema anasindikiza. Mvua ilipoanza, wote wakafunga madirisha. Kabla hata ya kufika kwenye mto, sikuona tena taa zangu mwenyewe njiani. Nikafungua dirisha kidogo. Mama mkwe akaniambia: “Shofeli, unataka mtu wetu apate baridi?” Nikamjibu kwa heshima: “Mama, mfunike na kitenge changu na koti langu, lakini ile dirisha uniachie.” Akaniachia. Tulifika, na mtoto alizaliwa asubuhi.

Mama yule alikuwa na haki yake ya kuogopa baridi. Lakini tukubaliane hapa, mbele ya wote: mgonjwa anafunikwa, na dirisha linafunguliwa vidole viwili. Vidole viwili kila upande, wa kuume na wa kushoto, ili hewa ipite ndani na kutoka. Mvua kidogo itaingia begani mwa mtu. Atakauka.

Tuingie kwenye vyombo vya gari. Kwanza, feni. Kuna alama ya kioo chenye mishale inayopanda. Hiyo inapeleka upepo kwenye parebrizi. Shofeli aifungue kabla ya mvua, asingoje mpaka kioo kiwe cheupe. Pili, kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Hicho kinazungusha hewa ile ile ya ndani. Wakati wa vumbi tunakipenda. Wakati wa mvua kizimwe, kwa sababu kinaturudishia pumzi zetu zile zile. Hewa ya nje, hata kama mvua inanyesha, ikiingia na kupashwa moto inakuwa kavu kuliko hewa tuliyopumua watu 9.

Tatu, klimu, kwa gari ambalo klimu yake ingali nzima. Wengi wanafikiri klimu ni ya joto tu. Klimu inakausha hewa. Ndani yake kuna bomba za baridi, hewa inapita pale inaacha maji, na maji yanadondoka chini ya gari. Njo ile maji unaona gari likisimama. Basi wakati wa mvua washa klimu pamoja na shofaji: moja inakausha hewa, nyingine inapasha kioo moto. Kioo kikiwa na joto, ukungu hauna pa kukaa.

Na hapa nitasema kitu ambacho mafundi wetu hawatafurahi. Magari mengi ya huku shofaji imekatwa. Bomba lilivuja siku moja, fundi akaunganisha mipira ya maji moja kwa moja, akasema: “Huku ni joto, shofaji ya nini?” Na kile kidude kinachochunga joto la maji ya motere, termostati, akakitoa akakitupa. Basi shofaji inatoa upepo wa baridi mpaka ufike. Ukinunua gari au ukilitoa garaji, uliza swali hilo: shofaji ingali inafanya kazi? Na ukiona ukungu wenye mafuta usiotoka kwenye kioo, chini ya miguu pamelowa, na maji ya radiateri yanapungua bila kuonekana yanapovujia, jua shofaji inavuja ndani. Hapo kupangusa hakusaidii, ni kazi ya fundi.

Kuna siku nyingine ukungu unakuwa nje. Mfano umetoka Bukavu, kwenye mita kama 1.500, kioo ni cha baridi, unashuka mpaka bonde la Ruzizi lenye joto na hewa nzito. Hewa ya nje ndiyo inaacha maji kwenye kioo. Ukipangusa ndani hupati kitu. Piga waipa mara moja na upunguze upepo wa baridi unaopuliza kioo. Kwa hiyo shofeli mpya, kabla ya kufanya lolote, pitisha kidole kimoja pembeni ya kioo, ujue maji yako upande gani.

Sasa nisikilizeni juu ya usukani. Wengi wetu tulijifunza gari Tanzania, Kigoma na Kasulu, wakati wa ukimbizi. Kule watu wanapita kushoto, na usukani wa kuume unakuweka katikati ya barabara. Hapa Congo tunapita kuume. Lakini magari yetu mengi yana usukani ule ule wa kuume. Maana yake shofeli anakaa upande wa mtaro, na gari linalokuja mbele analiangalia kupitia upande wa kushoto wa kioo, mbele ya abiria. Na abiria wa mbele ni wangapi? Wawili, mara nyingine watatu, na mtoto mapajani. Pale ndipo pumzi ni nyingi, ndipo kioo kinajaa kwanza, na katika magari mengi ya namna hii waipa haifiki vizuri kwenye pembe ya juu ya upande ule. Shofeli anaweza kupangusa mbele ya uso wake tu, akafikiri anaona, kumbe fasi lori litatokea imefungwa.

Kwa hiyo naomba sheria hii: anayekaa mbele ana kazi. Anapewa kitambaa kikavu na safi, na anachunga upande wake wa kioo na dirisha la kushoto, kile kioo cha pembeni kionekane. Asitumie mkono. Mkono una mafuta, unaacha michirizi, na usiku taa za gari lingine zikipiga pale unaona mwanga mtupu. Naona vijana wanacheka, kwa sababu kiti cha mbele ni cha wakubwa. Sawa. Hata mzee anaweza kushika kitambaa.

Juu ya usafi. Ukungu unapenda kioo kichafu. Ndani ya kioo kuna mafuta ya mikono, moshi, vumbi. Kila juma, osha ndani kwa maji na sabuni kidogo, suuza, kausha, malizia kwa gazeti kavu. Kuna dawa ya shofeli wa zamani: paka sabuni kavu kidogo sana ndani ya kioo, halafu sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kirudi wazi. Sabuni inafanya maji yatandae badala ya kusimama matone matone, basi unaona. Inadumu siku chache, unarudia. Lakini ukiacha nyingi, jua likipiga utaona mawingu.

Kwa nje, waipa ikikufia njiani, kipande cha kiazi au tumbako iliyolowa, ukisugua kioo, maji yanatandaa na unapata muda wa kutafuta fasi nzuri ya kusimama. Ni msaada wa njiani, si dawa ya kuendelea na safari mpaka Uvira. Na mtu asipake mazuti, wala mafuta ya taa, wala mawese. Mchana utafikiri imesaidia. Usiku kioo kitawaka kama lami.

Waipa zenyewe: jua la mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 linakausha mpira wake, vumbi linaukata. Mvua ya kwanza inapokuja, unakwaruza. Angalia mpira mwezi wa 8. Ukiona umepasuka au unaacha mistari, badilisha. Ukikosa mpya, futa ncha yake kwa kitambaa na sabuni. Usipige waipa kwenye tope kavu: mwaga maji kwanza, la sivyo mchanga unachora kioo, na mchoro hautoki. Na katika chombo cha maji ya kioo tia maji masafi. Maji ya mto yana mchanga, yanaziba tundu.

Mizigo iliyolowa ikae juu, chini ya bashi. Jioni mazulia yatolewe yakauke. Gari likilala limelowa, asubuhi linaamka na ukungu.

La mwisho. Kuna mvua ambayo haya yote hayaiwezi. Hapo shofeli anasimama. Anatoka njiani kabisa, anawasha taa za hatari, hasimami chini ya mlima unaoteremka wala karibu na mto, na mto uliojaa hauvukwi. Na abiria wanamwachia. Asisikie “endesha tu, wewe ni mwanaume”. Asisikie kwamba mgonjwa ni mkubwa. Akiwa haoni, mgonjwa yuko katika hatari mbili.

Kwa komiti na kwa wafadhili naomba vitu vitatu, vyote vya bei ndogo ukivilinganisha na gari. Kwanza, waipa mpya na vitambaa viingie katika bajeti kila mwezi wa 8, kama mafuta yanavyoingia. Pili, shofaji ya gari letu irudishwe. Tatu, iandikwe katika sheria za gari kwamba shofeli aliyesimama kwa sababu haoni njia hataulizwa na mtu kwa nini alichelewa. Cha tatu hakina bei. Kinahitaji mikono yenu tu, na naomba muinyanyue leo kabla hatujatoka hapa.