Chama Chetu na Siasa za Nchi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mogogosiek



Tumeagizwa na Kamati tunene juu ya jambo ambalo kwa desturi huwekwa kando katika mikutano ya chama hiki, yaani siasa. Chama chetu ni cha kusaidiana. Huzika wafu, hulipia karo watoto wa wanachama, na humsaidia mgonjwa asiuze ng'ombe wake wa mwisho. Lakini mwaka huu limeletwa pendekezo kwamba tuanze kupokea michango ya wale wanaotaka viti katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na kwamba kwa njia ya shukrani tuwape nafasi ya kusema na wanachama katika mikutano yetu. Walioleta pendekezo hilo si watu wabaya. Wametazama sanduku la chama, wakaona halijai. Hata hivyo Kamati yalipinga, na yatupasa kueleza sababu.

Kwanza tujitambue sisi ni watu gani. Katika Konoin, kuanzia Chepchabas na Kimulot hata Boito, Embomos na hapa Mogogosiek, watu hujulikana kuwa ni washika ya zamani. Neno hilo wengine hulitamka kwa kejeli, sisi twalipokea. Twaamini kwamba mtu huanza kuwajibika nyumbani kwake kabla ya kuiomba serikali. Twaamini ndoa ya mume na mke, kama isemavyo Katiba yenyewe katika kifungu cha 45. Twaheshimu kanisa, twaheshimu wazee, na twamheshimu aliye na mamlaka. Tena twaamini kwamba shauri huamuliwa vizuri na watu walio karibu nalo. Imani hii ya mwisho ndiyo tutakayoizungumza zaidi, maana ndiyo husahauliwa upesi wakati wa kampeni.

Wazee wanajua kwamba kabla ya machifu wa serikali kulikuwa na kokwet. Boiyot ab kokwet hakuwa mtawala wa kuamrisha. Alikaa chini ya mti na majirani, wakasema mpaka maneno yakaisha, ndipo akatamka lile walilokubaliana. Kwa hiyo, Juni 1960, chama cha KADU kilipoundwa huko Ngong, na kina Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na mwana wa Wakipsigis, Taaitta Toweett, wakadai utawala wa majimbo, hawakuwa wakitufundisha jambo geni. Walikuwa wakiitetea kokwet kwa lugha ya sheria. Katiba ya 1963 ilitoa majimbo saba mbali na Nairobi. Haikudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kujiunga na KANU, jamhuri ikatangazwa tarehe 12 Desemba mwaka huo, na kila kitu kikaenda Nairobi: barabara, hospitali, ardhi, hata ruhusa ya kuchimba kisima.

Ikawa hivyo kwa karibu miaka hamsini. Kisha ikaja kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Mkoa wa Bonde la Ufa ulisema La, na hatuna haja ya kuficha kwamba ndiyo ilikuwa sauti ya vilima hivi. Makanisa yalikipinga kifungu cha 26 kwa ajili ya uhai wa mtoto aliye tumboni, na wengi walihofia mashamba yao. Bwana William Ruto alikuwa mbele ya upande huo wa La. Hatuijutii kura ile. Lakini mtu mwaminifu husoma kitabu chote, hasomi ukurasa mmoja tu. Katika Katiba hiyo hiyo, sura ya 11 na ya 12, yalirudi yale waliyoyadai wazee wetu mwaka 1960: serikali 47 za kaunti, na sheria kwamba zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aliyeshindwa katika kura alipewa alichokililia baba yake. Mambo ya namna hiyo hutokea katika siasa, nayo yamfaa mzee ayakumbuke kabla ya kulaani karatasi yo yote.

Tangu 2013 tumeiona Bomet ikiwa na serikali yake. Tulimchagua Bwana Isaac Ruto, na mwaka 2017 tukamchagua Dkt. Joyce Laboso, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kuwa magavana nchini, ambaye Mungu alimwita Julai 2019. (Wale wasemao kwamba washika mila hawawezi kuongozwa na mwanamke, waambieni wayatazame matokeo ya 2017.) Hatusemi kaunti imetimiza yote. Twasema kwamba zahanati ikikosa dawa, ofisi ya kuulizia iko mwendo wa matatu moja, wala si safari ya kulala njiani.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Mwaka 2022 watu wa hapa walimpa kura zao Bwana William Ruto kwa wingi mkubwa, na tarehe 13 Septemba aliapishwa kuwa Rais. Tulifurahi, na furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini kutokana na furaha hiyo limeota neno moja ambalo twaliona lina hatari: kwamba mtu wetu akiwa Ikulu, kuuliza ni usaliti. Vijana wetu husema hivyo. Hata baadhi ya wazee. Kwa hiyo twaomba ruhusa kuuliza jambo moja tu. Je, wakati wa Mzee Moi, kuanzia 1978 hata 2002, hatukuwa na mtu wetu? Tulikuwa naye, na alitujengea shule ambazo watoto wetu wanasoma hata leo. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo KCC ilidhoofika, mkulima akapeleka maziwa asilipwe, mpaka mwaka 2000 ikauzwa kwa watu binafsi, ikaja kurudishwa na serikali iliyofuata mwaka 2003. Ng'ombe hakujua Rais ni wa kabila gani. Tena ni katika miaka hiyo, mwaka 1988, tulipopangwa foleni nyuma ya wagombea, na nchi nzima ikasikia mahali pengi ambapo mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi. Nani aliuliza? Wachache, maana aliyekuwapo alikuwa wetu.

Mshika ya zamani wa kweli hupenda serikali isiyoingia sana mfukoni mwa mtu. Kwa hiyo haimpasi kunyamaza kodi ziongezwapo, awe nani aliyeziongeza. Mwalimu aliye mwanachama wetu hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, hali mwalimu mwenyewe amejenga kwenye shamba la babaye na hana haja ya chumba cha mjini. Tangu Oktoba 2024 hukatwa pia asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya iliyoshika nafasi ya NHIF. Na mkulima asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi, yaani 3,600. Bima ni jambo jema. Chama hiki chenyewe ni bima ya kijijini. Lakini anayejua mwendo wa mkulima wa chai ajua pia kwamba fedha nyingi huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine haziji.

Yaliyotokea Juni 2024 mnayajua. Vijana waliupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia Bungeni, sehemu ya jengo ikachomwa, na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi mswada huo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 60 waliokufa katika maandamano ya majira yale. Hapa tulisikia hukumu mbili. Wengine walisema, watoto hawa hawana adabu, waadhibiwe. Wengine walisema, wazee hawa wameuza nchi, waondoke. Sisi twasema kwamba kuchoma nyumba ya baraza ni mwiko, na hatutaufuta mwiko huo kwa sababu mchomaji ana njaa. Lakini katika mila zetu mzazi humrudi mtoto kwa fimbo ndogo mbele ya watu wanaomwona, hamwui. Na ikiwa baba mwenyewe alikubali asubuhi ya pili kwamba mswada haufai, basi mtoto alikuwa na neno la kusikiwa tangu mwanzo.

Kuondolewa kwa mswada ule kulifika hata kwetu. Kaunti zote, zilizotazamia shilingi bilioni 400 kwa mwaka wa fedha wa 2024/25, zilipata bilioni 387.4 baada ya mabishano marefu baina ya Baraza la Taifa na Seneti. Wakati huo huo wabunge na magavana waligombania shilingi bilioni 10.5 za kutengeneza barabara, kila upande ukisema ni zake, hata wakafikishana mahakamani. Na mvua haikungoja hukumu. Majani yakikwama kwenye matope kati ya kituo na kiwanda, huharibika, na hasara ni ya aliyeyachuma, wala si ya mbunge wala ya gavana.

Ama kuhusu chai yenyewe, twasema machache tu, kwani ripoti ya Katibu imeyaeleza. Mwaka 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilipwa bonasi iliyo chini sana ya ile ya wenzao wa mashariki, na kelele zikawa kubwa. Wanasiasa walifika haraka, kila mmoja na mchawi wake mkononi. Lakini mambo yana historia. Sheria ya Chai ilitiwa sahihi Desemba 2020. Julai 2021 ikawekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Chai ya mashariki, ambayo wanunuzi huiona bora, iliweza kuifikia bei hiyo. Ya kwetu aghalabu ililala ghalani, na chai iliyolala hupoteza ladha na thamani. Baadaye bei hiyo iliondolewa. Amri iliyotolewa mbali, kwa nia njema ya kumlinda mkulima, ilimlinda wa upande mmoja kuliko wa pili. Hilo ndilo tulilosema juu ya shauri kuamuliwa karibu. Lipo pia la kwetu wenyewe: majani mawili na kichipukizi, wala si manne na kikonyo. Mwanasiasa hatathubutu kutuambia hivyo mwaka wa uchaguzi. Ndugu katika chama aweza.

Sasa tulirudie pendekezo. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha zilizotolewa na Rais na viongozi wengine katika kanisa la Soweto zirudishwe. Wengi walidhani ni dharau. Sisi tuliona ni heshima, maana mwenye kula cha mtu hawezi kumwambia kweli, na kanisa lisiloweza kusema kweli halimfai hata Rais. Chama chetu ni kidogo kuliko kanisa, lakini kanuni ni ile ile. Leo mgombea mmoja atatununulia hema na viti. Kesho mwenzake atauliza kwa nini hema ni la rangi fulani. Na keshokutwa mjane wa upande wa pili ataogopa kuja kudai haki yake ya mazishi. Chama kilichounganisha nyumba za vyama vyote kitagawanyika kwa sababu ya turubai.

Hatumkatazi mwanachama ye yote kuwa na chama cha siasa, wala kugombea. Mgombea akitaka kusaidia, na alipe kiingilio na ada ya mwezi kama wengine, akae katika viti hivi hivi, naye akifiwa tutamzika kama tuwazikavyo wote.

Kamati inapendekeza basi kwamba tangu leo hata matokeo ya uchaguzi wa 2027 yatakapotangazwa, chama kisipokee mchango wa mtu anayegombea kiti cho chote, isipokuwa ada yake. Kwamba jina la chama lisitajwe katika mkutano wa kampeni. Na kwamba pengo la sanduku lizibwe kwa kuongeza ada ya kila mwezi, kiasi kitakachokubaliwa na mkutano huu. Twajua sehemu hii ya tatu ndiyo chungu. Mweka Hazina yupo hapa na daftari lake, naye atajibu maswali kabla mikono haijainuliwa.