Kodi ya Kiwanja cha Urithi



Mara nyingi twaletewa shauri la ndugu waliorithi nyumba ya mjini pamoja, na mmoja tu ndiye akaaye humo. Walio mbali husema, "Alalaye ndani ndiye alipe kodi ya kiwanja." Naye hujibu, "Mimi ni mlinzi wa mali yenu."

Serikali ya kaunti haiangalii alalaye ndani. Deni huiandama ardhi yenyewe. Na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ilipotungwa, ilitaka hati ya kuonyesha kwamba kodi hiyo imelipwa, kabla kiwanja hakijaandikishwa kwa jina jingine. Basi uzembe wa mmoja huwafungia wote mlango.

Shauri letu ni hili. Wenye sehemu sawa wakiwa 3, na kodi ikiwa shilingi 9,000, kila mmoja atoe 3,000. Lakini vyumba vikipangishwa, kodi ya kiwanja itolewe kwanza katika fedha za pango, ndipo salio ligawanywe. Mapatano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi, na kila stakabadhi itunzwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na undugu hupotea pamoja nayo.