Dakika Mbili za Kila Mtu
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujitegemea)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kusema kwenye baraza na mikutano ya wadi. Wengine wenu husema mwenyekiti akimkatiza mwananchi amemnyima haki yake. Wengine husema watu wanapayuka ovyo, wanyamazishwe. Sisi tumeona kuna kukatiza kwa haki na kukatiza kwa hila.

Tulihudhuria mkutano mmoja wa bajeti katika wadi ambayo hatutaitaja. Mwenyekiti alitangaza mapema: kila mtu dakika mbili. Vizuri, maana watu walikuwa wengi na jua lilikuwa limeshuka. Kijana mmoja akaanza kueleza kesi ya mpaka wa shamba lao. Akaambiwa aipeleke ofisi ya ardhi. Hiyo pia ni haki, ingawa alikasirika. Kisha akasimama mama wa kikundi cha maji, akauliza: "Pampu ya kisima chetu ilikuwa kwenye bajeti ya mwaka jana. Iko wapi?" Hata nusu dakika haijaisha, akaambiwa, "Mama, hiyo ni siasa. Keti." Mzee aliyemfuata alimsifu mheshimiwa karibu dakika kumi, na hakuna aliyetazama saa.

Nasi tulikuwa hapo, tukanyamaza. Hilo linatuuma mpaka leo.

Sasa, Katiba ya 2010 inasemaje? Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kusema. Kifungu hicho hicho kinaweka mipaka: hakuna ruhusa ya kuchochea fujo wala kueneza chuki, na ni lazima tuheshimu haki na jina la wengine. Kwa hiyo ukisimama useme kabila fulani lifukuzwe hapa, ukanyamazishwa, usije kwetu kulia. Ukimwita karani mwizi na huna ushahidi, hapo pia umekosea. Lakini uliza, "Pesa za pampu zilitumikaje?" Swali hilo halimtukani mtu yeyote.

Na kuuliza si kosa la jinai. Zamani kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kuwa kosa kusema maneno ya kudharau mamlaka ya ofisa wa serikali. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Wazee watakumbuka kwamba kabla ya mabadiliko ya 1997 hata mkutano wenyewe ulihitaji leseni! Tena kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na kuwashirikisha wananchi. Ukiambiwa "hiyo ni siasa", jibu kwa adabu: "Bwana mwenyekiti, hiyo ni bajeti, ndiyo tuliyoitiwa."

Msiende mkutanoni kila mtu na lake. Kaeni kikundi kwanza, mchague swali moja, mliandike. Mmoja akikatizwa kabla ya zamu yake kwisha, wa pili asimame aendelee pale pale, bila kelele. Na mwanzoni kabisa mmoja wenu aulize kama dakika hizo ni za wote, hata wale wanaokuja kusifu. Mwenyekiti akishakubali mbele ya watu, ni vigumu kugeuka.

(Tuseme ukweli, hata vikundini mwetu wake vijana hukatizwa, mweka hazina akasema saa nzima.)

Mkishindwa kusikika, andikeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Yule mama na wenzake waliandika ukurasa mmoja, wakatia sahihi, asiyejua kuandika akaweka kidole. Waliupeleka wenyewe na kudai nakala yao igongwe muhuri. Jibu bado halijafika. Nakala iko kwa katibu wao, pamoja na vitabu vya akiba, na mkutano ujao wa wadi wataenda nayo. Safari hii tutasimama nao.