Kusoma Mawazo: Mchezo, Elimu na Hatari Yake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, Afisa Ustawi wa Jamii, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa.)



Ndugu Mwenyekiti alinidokeza kwamba siku hizi mabwenini wamo vijana mahodari wa "kusoma mawazo". Mwenzao huchagua karata au hufikiria namba, nao humtajia. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo masomo yenyewe huangaliwa nyumbani kwenye video wakati wa likizo, kisha huletwa hapa yakiwa kichwani. Wapo walimu wanaoona kuwa ni upuuzi, na wapo wazazi wanaoogopa kuwa ni uchawi. Mimi nasema kuwa ni elimu, tena elimu yenye makali pande mbili, na ingefaa tuyatazame yote mawili.

ELIMU HII INAVYOPATIKANA

Hapo zamani siri za mazingaombwe zilitoka kwa fundi zikaenda kwa mwanafunzi wake, au ziliandikwa katika vitabu walivyouziana wenye sanaa wenyewe. Kitabu kinachojulikana sana katika fani ya kusoma mawazo ni 13 Steps to Mentalism cha Corinda wa Uingereza, ambacho kwanza kilitolewa kama vijitabu 13. Kaseti za video zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970, mafundi nao wakaanza kufundisha mbele ya kamera. Baadaye zikaja diski, na tangu mwaka 2005 ukaja mtandao wa YouTube. Siri nyingi zilizokuwa zikiuzwa kwa fedha sasa hutolewa bure.

Somo la video lina faida yake. Unauona mkono wa fundi, na unaweza kurudia mara 20 bila yeye kukasirika. Lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza, kamera huweza kuonyesha jaribio lililofaulu tu, na yaliyoshindikana yakakatwa. Ya pili, mwanafunzi hukariri maneno ya mwalimu wake bila kujua sababu, na siku mtazamaji akijibu vingine, kijana hubaki ameduwaa. Kwa hiyo nawashauri vijana: ukishaangalia somo, zima video, chukua kalamu, ujiulize ni kwa nini jambo lile limewezekana.

NGUZO TATU

Michezo hii ni mingi, lakini sehemu kubwa yake husimama juu ya nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni hesabu. Mwambie mwenzako aandike namba ya tarakimu tatu, ambayo tarakimu yake ya kwanza inaizidi ya mwisho kwa 2 au zaidi. Tuseme ameandika 853. Aigeuze iwe 358, kisha atoe: 853 kutoa 358 ni 495. Aigeuze tena hiyo 495 iwe 594, kisha ajumlishe: 495 na 594 ni 1089. Hata angeanza na namba gani ya aina hiyo, jibu litakuwa 1089. Fundi hujua hivyo tangu mwanzo. Atamwambia mtazamaji afungue kitabu ukurasa wa 108, mstari wa 9, naye autaje mstari huo akiwa ameyafumba macho, kwa kuwa ameukariri tangu jana yake. Kijana anayetaka kujua sababu ya 1089 atalazimika kurudi kwenye somo la aljebra, na nadhani mwalimu wa hisabati hatalalamika.

Nguzo ya pili ni maneno yanayomfaa kila mtu. Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja karatasi ya majibu yake. Aliwaomba watoe alama, kutoka 0 hadi 5, kuonyesha jinsi maelezo yale yalivyowapata. Wastani ulikuwa 4.26. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na mengi aliyaokota katika kitabu cha unajimu! Ukimwambia mtu, "Wewe wakati mwingine unacheka na watu lakini moyoni una wasiwasi," nani atakataa? Maneno ya namna hiyo ni kama kanga, kila mmoja hujifunga ikamtosha.

Nguzo ya tatu ni ishara za mwili. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwapo farasi huko Berlin, jina lake Clever Hans, aliyesemekana kuwa anajua hesabu. Akiulizwa 3 na 4 ni ngapi, hupiga kwato mara 7 na kuacha. Mwaka 1907 mtaalamu Oskar Pfungst alimchunguza akagundua kwamba muulizaji asipojua jibu, au asipoonekana na farasi, farasi hushindwa. Hesabu hakuijua hata kidogo. Alichojua ni kutazama jinsi muulizaji anavyotikisa kichwa kidogo tu, pasipo kujitambua, kwato zikifika idadi sahihi. Ikiwa farasi aliweza kuyasoma hayo, binadamu mwenye mazoezi atashindwaje?

MAKALI YA UPANDE WA PILI

Ndugu zangu, mnaweza kuuliza ni kwa nini afisa wa Serikali atumie muda wenu kuzungumzia farasi na karata. Sababu ni kwamba silaha hizi hizi za kuwachekesha watu ukumbini hutumika pia kuwaangamiza.

Mwaka 1986 huko Marekani, mcheza mazingaombwe James Randi na wenzake walimfuatilia mhubiri Peter Popoff, aliyekuwa akiwatajia waumini majina yao na magonjwa yao kana kwamba amefunuliwa. Walinasa kwa redio sauti ya mkewe, aliyekuwa akimsomea habari hizo kutoka nyuma ya jukwaa, naye akizipokea kwa kifaa kidogo sikioni. Habari zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwenye kadi na waumini wenyewe kabla ya ibada. Aliyeugundua ujanja huo alikuwa mtu wa mazingaombwe, kwa sababu aliijua kazi.

Hapa kwetu hali ni nzito zaidi. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Tena sote tunajua habari za vikongwe waliouawa au kufukuzwa vijijini kwa sababu ya ramli chonganishi. Katika kazi yangu nimekaa na familia zilizopasuka kwa njia hiyo, na nikiwauliza jinsi mambo yalivyokwenda, hadithi hufanana. Mpiga ramli husema, "Naona mtu wa karibu. Mtu mzima. Aliwahi kuja kwenu na jambo halikumpendeza." Hiyo ndiyo nguzo ya pili, maneno yanayomfaa kila mtu. Kisha hunyamaza akatazama uso wa mwenye shida. Hiyo ndiyo nguzo ya tatu. Mwenye shida, akiwa na mtoto mgonjwa na moyo uliojaa hofu, husema mwenyewe, "Labda ni mama mkubwa?" Mpiga ramli huitikia kwa kichwa, basi.

Akirudi nyumbani mtu huyu ataapa kwamba mganga ndiye aliyelitaja jina. Hatakumbuka kwamba jina lilitoka kinywani mwake. Bibi wa watu atakuwa amehukumiwa, na hakuna atakayeuliza ushahidi.

Kuufichua ujanja ili kuokoa maisha si jambo geni. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alitoa kitabu, The Discoverie of Witchcraft, kupinga mateso ya wanawake waliosingiziwa uchawi. Ndani yake alieleza jinsi michezo ya kiini macho inavyofanywa, ili wasomaji waone kwamba jambo la ajabu linaweza kufanywa kwa mikono mitupu bila shetani. Kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiingereza vilivyofundisha mazingaombwe.

MIIKO MINNE

Kwa hiyo sitawaambia vijana waache. Nawaomba washike miiko minne.

Kwanza, kabla ya mchezo na baada yake, sema wazi kwamba ni mchezo. Si lazima utoe siri, lakini usidai kuwa una uwezo ambao huna.

Pili, usiguse ugonjwa, kifo, ndoa wala mtihani wa mtu. Mtu mwenye hofu hakuangalii kama mtazamaji. Anakushikilia kama azamaye ashikavyo jani.

Tatu, usipokee hata senti moja kwa ajili ya kubashiri. Ukialikwa kutumbuiza watu, ulipwe kwa kutumbuiza.

Nne, na huu ndio nautilia mkazo: siku fedha zikipotea bwenini, usikubali kamwe kuombwa "umsome" mwizi. Watakuja kwako, maana walikuona jana ukitaja karata. Utamtazama mmoja, naye atababaika kwa kuwa ni mwoga tu, na kabla ya kengele ya usiku atakuwa ameumizwa. Mambo ya wizi yapelekwe kwa mwalimu wa zamu, yachunguzwe kwa ushahidi.

Kwa wenzangu wa zamani, naomba jambo moja. Vijana hawa wasifanye mambo yao kwa kujificha. Tuwasaidie wawe na chama chao chini ya mwalimu, na siku za wazazi waonyeshe michezo yao, kisha waeleze mmoja au miwili inavyofanyika. Mzazi atakayejifunza kwa mwanawe jinsi mtu anavyotajishwa jina pasipo kujua, hatalitaja kwa urahisi mbele ya mpiga ramli. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa ujanja huu hata mwenye macho hana budi kuonyeshwa pa kutazama.