MAZUNGUMZO KUHUSU MALIPO YA ULEMAVU KWA WALIOKUWA ASKARI



Katika ofisi za mitaa ya Kinondoni na Temeke hufika wazee waliowahi kuvaa sare ya jeshi, wakiomba barua ya kufuatilia malipo ya ulemavu. Lakini barua ya Mtendaji wa Mtaa huthibitisha mahali mtu anapoishi; haithibitishi mahali alipoumia. Hapo ndipo ugomvi uanzapo. Mguu uliokatwa haubishaniwi, kwani unaonekana. Kinachobishaniwa ni kama mwenyewe aliumia kazini, na katika jeshi lipi.

Swali hili la pili si dogo. Kambi ya Lugalo, iliyo Kinondoni, zamani iliitwa Colito. Vikosi vya King's African Rifles viligeuka kuwa Tanganyika Rifles baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Maasi ya Januari 1964 yakalivunja jeshi hilo. Na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Hivyo askari aliyeandikishwa na Mwingereza aliweza kuhesabiwa katika majeshi mawili bila kuhama kambi.

Vita dhidi ya majeshi ya nduli Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, viliongeza utata. Pamoja na askari wa kudumu walikwenda mgambo na vijana wa JKT, na baada ya vita mgambo wengi walirejea nyumbani. Askari wa kudumu alikuwa na namba na faili. Mgambo aliweza kubaki na kovu tu.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa hai, wazee walikusanyika Mwanza, wachache wao wakiwa na vyeti. Mlipaji akawapa fagio badala ya bunduki na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Kisa hiki hupendwa sana, lakini kina kasoro: aliyepoteza mkono vitani asingeweza kulishika lile fagio.

Yapo pia madhara yasiyoonekana au yanayochelewa: sikio lililoharibiwa na kishindo cha mizinga, kipande cha chuma kilichobaki mwilini, akili iliyotikisika. Daktari huuona mwili wa leo, naye huulizwa juu ya siku moja ya miaka zaidi ya arobaini iliyopita.

Kwa hiyo yafaa mwombaji aandike namba yake ya jeshi, kikosi, mahali na mwezi alipojeruhiwa, hospitali iliyompokea kwanza, na majina ya wenzake walioshuhudia. Asiyejua kuandika asaidiwe palepale ofisini. Mtumishi apokeaye ombi aligonge muhuri wa tarehe na kumrudishia mwombaji nakala. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe, kwa kuwa neno lililosemwa dirishani ni vigumu kulikatia rufaa. (Kusema kwamba faili halionekani si sababu ya kumnyima mtu haki, hiyo ni habari ya kabati la ofisi.)

Nakala hizo zionyeshwe kwa mke na watoto mapema, wajue zinapowekwa. Mzee akifariki shauri likiwa bado halijakatwa, mjane ndiye atakayeulizwa namba ya jeshi.