Nepi za Kushona: Kwa Nini Zinavuja na Hazikauki

(Haya ni mazungumzo aliyotoa mfanyakazi wetu wa huduma za jamii mbele ya vikundi vya akina mama vya parokia. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.)

Mwenyekiti, Sista, akina mama wote, na wale wazee wawili walioketi karibu na mlango kana kwamba wanataka kutoroka: karibuni.

Nimeombwa nizungumze juu ya nepi. Mwenyekiti amenionyesha hili sanduku lililo hapa mbele. Ndani yake mna nepi 31 ambazo zimerudishwa na wale walionunua. Nyingine zinavuja, nyingine zinanuka hata baada ya kufuliwa, na moja lastiki yake ilimwachia mtoto alama nyekundu mapajani. Nimezichunguza moja moja tangu jana. Kitambaa si kibaya, na mishono imenyooka kuliko yangu. Shida ni jinsi zilivyopangwa, na karibu zote zaweza kuokolewa.

Kwanza tujiulize anayenunua ni nani. Ni mama anayekaa chumba kimoja cha kupanga. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20, na kamba ya kuanika wanagawana na majirani. Zile nepi za kutupa, ambazo sote tunaziita Pampers hata kama ni za kampuni nyingine, anazinunua moja moja dukani. Na kwa kuwa ni pesa, moja inakaa tangu asubuhi hadi jioni, imejaa, inaning'inia, mtoto anachubuka. Sasa mama huyu ametoa pesa zake kwetu akitumaini atapumzika. Nepi yetu ikimwangusha hatajaribu tena, na atawaambia wenzake kwenye foleni ya kliniki ati nepi za kitambaa zinaleta magonjwa.

Haya, tazameni hii ya kijani. Ipitisheni mkono kwa mkono, muione uzito wake. Nilifungua upindo nikahesabu: matabaka 8 ya taulo, katikati nailoni, halafu yote yameshonwa pamoja kwa mistari ya kukingamana kama godoro. Ni kazi ya kupendeza. Aliyeishona alifikiri kwamba mkojo mwingi unataka kitambaa kingi, na hapo hakukosea. Lakini maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Ukiigusa kwa nje imekauka, ndani bado. Januari huenda ikakauka kwa siku moja. Mvua za masika zikianza, itakaa kwenye kamba siku mbili tatu, na mama hana siku tatu, maana mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Basi atamvalisha hivyo hivyo na unyevu wake. Sabuni nayo imebaki ndani kwa sababu maji ya kusuuza hayafiki katikati. Harufu inaanzia hapo, na vipele pia. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi, na mkojo ukikaa pamoja na choo huwa mkali zaidi.

Tena hii ya kijani inavuja, ingawa ina nailoni. Mmeona ni kwa nini? Ile mistari imepita juu ya nailoni, na kila tundu la sindano ni mlango. Nailoni ikishatobolewa mara mia mbili ni chujio.

Dawa yake ni wembe na subira. Fungueni, mtenganishe. Kifuniko cha nje kiwe peke yake na kitambaa cha ndani kiwe peke yake. Cha ndani kiwe matabaka 3 au 4 yaliyoshonwa upande mmoja mfupi tu, ili kwenye kamba yafunguke kama kurasa za daftari. Taulo moja ya matabaka 8 itawapa vitambaa viwili, kwa hivyo hakuna kinachopotea. Mama hufua cha ndani kila mara, na kifuniko akakipangusa na kukitumia tena, isipokuwa kama kimechafuka kwa choo.

Na kuna njia rahisi zaidi, ambayo mama zetu waliijua kabla ya semina hizi: kitambaa cha mraba, tabaka moja tu, unakunja mwenyewe. Leso iliyochakaa yafaa sana. Leso moja huwa karibu sentimita 150 kwa 110. Utapata miraba miwili ya sentimita 75, na vipande viwili vya 75 kwa 35 vilivyobaki ukivikunja vinawekwa katikati kuongeza nguvu, hasa usiku. Inakauka upesi. Kazi ya cherehani ni kukunja pindo tu. Sielewi kwa nini tunaona haya kuuza kitu rahisi namna hii.

Sasa kitambaa. Kwenye mitumba mtu atakuapia ni pamba. Wewe chomoa nyuzi mbili tatu, uzichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kama hutaki kuwasha moto sokoni, dondosha maji: yakinywewa mara moja ni sawa, yakibaki juu kama umande, acha hicho. Nguo mpya lakini inaweza kukataa maji kwa sababu ya ile wanga waliyoitia. Ioshe mara kadhaa kwa maji ya moto kabla ya kuihukumu. Na uioshe kabla ya kukata! Pamba hupungua sentimita 3 hata 5 katika kila mita, na flaneli inaweza kuzidi hapo. Nepi nne humu sandukuni zimejikunja pembeni kwa sababu kitambaa cha ndani kilirudi na cha nje hakikurudi.

Kwa kifuniko, kile kitambaa cha koti la mvua ni kizuri, ila kishonwe ukingoni tu, na msikishike kwa pini mnapokata. Tumieni vibanio vya nguo. Tumieni uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hunyonya mkojo na kuupeleka nje kama utambi wa taa. Na kitambaa cha ndani kikichungulia nje ya kifuniko, hata kidogo tu, nguo yote ya mtoto italowa. Juala za plastiki zilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa jambo hili sizililii, maana zilimpikia mtoto joto na angeweza kukosa pumzi zikimfika usoni. Lakini bado naona mtu akikata nailoni ya kufunikia meza. Hapana. Afadhali sweta ya sufi halisi kutoka mitumba, ile ukichoma uzi wake inanuka kama nywele. Sufi hushika unyevu mwingi kabla haijalowesha nguo.

Lastiki: mnaivuta mno. Ishike kwenye mkunjo wa paja pekee, siyo kuzunguka yote, na mkimaliza vidole viwili viingie bila kulazimisha. Vifungo vishonwe mara mbili, kwani mtoto atavitia mdomoni. Wenye kutumia pini, weka vidole vyako kati ya pini na tumbo la mtoto. Na nepi isimbane miguu ikanyooka pamoja. Miguu ya mtoto mchanga inataka kukunjwa na kutanuka kama ya chura, ndipo nyonga zikae vizuri. Kitovu kikiwa hakijapona, sehemu ya mbele ikunjwe chini yake.

Mnapouza, mwambieni mnunuzi mambo mawili matatu. Asitie dawa ya kulainisha nguo, na mafuta mazito asiyapake mengi, kwa sababu yote huziba kitambaa kisinyonye. Aanike juani. Zikikaukia kivulini azipige pasi pande zote mbili, maana kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi. Na vipele vikikaa zaidi ya siku tatu, au vikiwa vyekundu sana ndani ya mikunjo ya mapaja, mtoto apelekwe kliniki. Yaweza kuwa kuvu, na hiyo haiondoki kwa nepi safi peke yake.

Limebaki swali la pesa. Wale 31 walilipa. Naona mweka hazina ameinamisha kichwa, lakini maoni yangu ni kwamba warudishiwe nepi zilizorekebishwa bila kutozwa chochote, na tuwapelekee wenyewe, tusingoje waje. Uzi na lastiki mpya vitoke kwenye mfuko wa kikundi. Kama kuna anayepinga, aseme sasa tujadiliane kabla ya chai.

Wembe ziko kwenye bahasha. Mwenye macho mazuri aanze na hii ya kijani.