Swila, Nyoka Atemaye Sumu



Katika Kenya wako nyoka wengi wenye sumu, lakini swila ana silaha wasiyo nayo wengine: aweza kumdhuru mtu bila ya kumgusa. Kwa hiyo huogopwa sana, na mara nyingi watu huogopa yasiyo kweli, wakasahau yaliyo kweli.

Namna zake ni kadha wa kadha. Yuko mweusi, yuko mwekundu mwenye utepe mweusi shingoni, akaaye nchi kavu, na yuko mkubwa wa rangi ya udongo, wa pwani na nyika, ambaye aweza kufikia urefu wa futi 9 hivi. Huyu mkubwa alitambuliwa na wataalamu mwaka 2007 kuwa namna ya peke yake, akapewa jina la marehemu James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Watamu, aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba huyu si sawa na wengine.

Swila hatemi sumu ili apate chakula. Chura, panya, ndege, hata bafe, huwakamata kwa kuwauma. Kutema ni kwa kujilinda tu. Tundu la jino lake la sumu ni dogo, nalo limeelekea mbele. Akisumbuliwa huinua kichwa na kutanua shingo. Kisha misuli huikamua tezi ya sumu, na sumu huruka kwa nguvu futi 6 na zaidi. Wakati huo hutikisa kichwa upesi upesi, hata matone yakatawanyika usoni mwa adui. Shabaha yake ni macho.

Sumu ikianguka juu ya ngozi isiyo na jeraha, kwa kawaida haina madhara makubwa, na ioshwe. Bali ikiingia jichoni, maumivu huwa makali kama ya moto, na jicho lisipotunzwa laweza kupofuka. Hapo ndipo dakika chache za kwanza zina thamani kuu. Aliyetemewa asisugue macho. Na aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa au zaidi, huku kope zimefunguliwa. Maji yakikosekana, hata maziwa yafaa. Asitiwe maji ya majani wala dawa nyingine ya kubahatisha. Kisha apelekwe hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Lakini akiuma, jambo ni zito zaidi, kwa maana sumu yake huozesha nyama. Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, afikishwe hospitali upesi.

Mchana swila hupenda kujificha katika vichuguu, mashimo na magogo matupu. Huja nyumbani kwa kufuata panya, vifaranga na mayai. Basi mwenye kuhifadhi nafaka vizuri, kufyeka nyasi karibu na nyumba, na kuchukua taa atembeapo usiku, amekwisha kujikinga sana. Wala asichungulie shimoni, wala asimchokoze nyoka kwa fimbo.

Swila akiachiwa njia, mara nyingi hukimbia. Na watoto wafundishwe mambo mawili: kurudi nyuma wamwonapo, na kukimbilia maji akiwatemea.